Kilo: kati ya dhahabu na historia, kijana mwenye lisansi anaweza kuishi kwa akiolojia?

Katika mashimo ya dhahabu ya Kilo, eneo la Djugu, kaskazini-magharibi mwa Bunia, udongo unapandishwa juu kila siku. Mchimbaji anatafuta mwamba wenye dhahabu. Kigae cha chungu, jiwe lililochongwa na mkono wa mtu au mkaa wa jiko la zamani vikitokea njiani, vinaenda kwenye kifusi, kwa sababu havina bei kwa mnunuzi. Mvua ikinyesha mara mbili tatu, hakuna tena anayejua vilitoka kina gani wala vilikuwa karibu na nini.

Kazi hiyo haikuanza jana. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa na wageni mwaka 1903, katika mto Agola, na uchimbaji wa kikoloni ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Leo kuna SOKIMO, kampuni ya serikali iliyorithi vibali vile, na kuna maelfu ya wachimbaji wadogo pamoja na wenye mashimo, wale tunaowaita PDG. Kwa zaidi ya miaka 120, watu wamefungua ardhi hii wakitafuta madini, na historia imetoka humo pamoja na mchanga.

Wengi hawajui kwamba sheria imelitaja jambo hili. Sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inazungumza katika kifungu chake cha 205 juu ya mali za utamaduni wa taifa zinazofumuka wakati wa kazi za mgodi. Mwenye kibali haruhusiwi kuzihamisha. Anapaswa kuwaandikia bila kuchelewa viongozi wanaohusika na utamaduni na majumba ya makumbusho.

Tuseme PDG mmoja au kampuni moja inafuata sheria hiyo, na barua inafika ofisini Bunia. Je, atatumwa nani kwenda kuangalia? Ni nani, kati ya vijana wanaomaliza masomo kila mwaka katika vyuo vya mji wetu, anajua kusoma tabaka za udongo, kuzichora, kuokota mkaa bila kuuchafua na kuandika ripoti ambayo mwenzake wa Kinshasa, Dar es Salaam au Brussels ataielewa?

Makala hii ni ya kijana anayejiuliza kama akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha ya watu wa kale kwa vitu walivyoviacha ardhini, inaweza kuwa kazi yake. Jibu fupi ni ndiyo, lakini hakuna kiti kinachomngojea. Kazi hii inajengwa kipande kwa kipande, na lisansi ni kipande cha kwanza tu.

Utajiri ambao wengine waliuchimba

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Katika mlima Hoyo, eneo la Irumu, si mbali na barabara ya Komanda kwenda Beni, kuna mapango mengi. Moja linaitwa Matupi. Mwaka 1974, Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo na kupata maelfu ya vipande vidogo vya mawe ya kwatzi, vilivyopasuliwa na watu ili viwe visu na ncha za silaha. Mkaa wa tabaka za chini ulipopimwa, ulionyesha umri wa miaka karibu 40,000. Mifupa ya wanyama iliyopatikana pale inaonyesha kwamba zamani kulikuwa na mbuga za nyasi karibu na pango ambalo leo limezungukwa na msitu.

Mchimbaji wa Kilo anaijua kwatzi vizuri kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Ndilo lile jiwe jeupe analolisaga kwenye kinu ili apate dhahabu. Kumbe kabla ya dhahabu kuwa na bei, jiwe lenyewe lilikuwa chombo cha kazi.

Kuna pia msitu wa Ituri. Mwaka 1989, kundi la wataalamu akiwemo Mmarekani Robert Bailey, aliyekuwa amefanya utafiti kati ya Waefe wa Ituri, waliuliza kama kweli binadamu aliweza kuishi ndani ya msitu mnene bila kupata chakula cha wakulima. Miaka ya 1990, Mhispania Julio Mercader akaja kuchimba chini ya majabali ya msitu huohuo. Alipata zana za mawe za watu walioishi pale muda mrefu kabla ya kilimo kufika. Ubishi wa dunia nzima ulipata sehemu ya jibu lake katika udongo wa Ituri.

Ukishuka kusini, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, kuna Ishango. Pale Jean de Heinzelin, Mbelgiji ambaye kwanza alikuwa mwanajiolojia, alipata mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 20,000, na wapo wanaoona kwamba zile alama ni hesabu. Mfupa huo uko Brussels. Karibu na hapo, Katanda, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, ambavyo mwaka 1995 vilitangazwa kuwa na umri wa karibu miaka 90,000.

Sasa tazama orodha hiyo ya majina: Van Noten, Mercader, de Heinzelin, Brooks, Yellen. Walifanya kazi nzuri, na bila wao tusingejua mambo haya. Lakini katika orodha ya wale walioongoza kazi hizo na kuweka jina mbele ya kitabu, mtoto wa Ituri hayumo. Wazee wetu walibeba mizigo, wakaonyesha njia na kuchekecha udongo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu leo

Mtu anaweza kusema: watu wanakufa Djugu, wengine wamelala kambini, na wewe unatuletea habari za vigae. Swali hilo ni la haki. Lakini tukumbuke sehemu ya moto unaotuunguza inachochewa na nini. Katika mabishano ya ardhi ya Ituri, neno linalorudi kila mara ni moja: nani alifika kwanza. Kila upande una historia yake, na historia hiyo imeshatumiwa kama silaha.

Akiolojia haiwezi kumpa mtu hati ya shamba. Kigae hakisemi kabila, na kisu cha kwatzi cha Matupi ni cha zamani kuliko majina yote ya makabila tunayoyatumia leo. Mwanaakiolojia atakayeahidi kuthibitisha kwamba kabila fulani ndilo lenye ardhi anadanganya, na anaweza kusababisha vifo. Kile ambacho elimu hii inaweza kufanya ni kuonyesha, kwa ushahidi ambao kila mtu anaweza kuukagua, kwamba watu wamehama, wamechanganyika na kubadilishana chuma, chumvi na vyungu katika nchi hii kwa muda mrefu sana. Kwa kijana wa Ituri anayetaka kuingia katika kazi hii, maadili hayo ndiyo somo la kwanza.

Jambo la pili ni kwamba ushahidi huu haurudi. Zambia, jirani yetu wa kusini, inalijua hilo. Mwaka 1921, wachimba madini wa Kabwe, mji uliokuwa ukiitwa Broken Hill, walikuta fuvu la binadamu wa kale ndani ya mgodi. Fuvu likapelekwa London, na liko huko hadi leo. Kilima kilichokuwa na pango lake kiliendelea kuchimbwa mpaka kikaisha. Ilichukua karibu miaka 100 kupata umri unaoaminika, karibu miaka 300,000, kwa sababu mahali lilipotoka palikuwa pameshaharibiwa. Dundo, kaskazini mwa Angola, mambo yalikwenda tofauti kidogo. Kampuni ya almasi ilikuwa na jumba la makumbusho, na zana za mawe zilizotoka katika migodi yake zilichunguzwa na wataalamu kama J. Desmond Clark. Migodi ilikuwa migodi kote kuwili. Tofauti ni kama kulikuwa na mtu wa kuandika kilichotoka.

Lisansi inakupa nini

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu viliingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Kwa kijana wa Bunia, mlango wa kawaida wa akiolojia ni historia. Lakini mtu wa jiolojia, jiografia, biolojia, mazingira au sosiolojia asijione nje. De Heinzelin alifika kwenye mfupa wa Ishango akitokea jiolojia. Mifupa ya wanyama inamhitaji anayejua biolojia, na mkaa na chavua vinamhitaji anayejua mimea.

Kitu ambacho mwanafunzi anacho mkononi, na mara nyingi anakipoteza, ni kazi ya mwisho wa masomo. Wengi wanachagua kichwa cha habari kilichokwisha kuandikwa mara 20, wanakopi na kufunga. Yule anayetaka akiolojia achague kitu cha ardhi yake. Kwa mfano, anaweza kuorodhesha nyumba, mitambo na mifereji iliyobaki ya Kilo-Moto huko Kilo na Bambu, akipiga picha, akipima na kuandika kile wazee waliofanya kazi pale wanachokikumbuka. Masalio ya viwanda nayo ni akiolojia. Anaweza kutafuta, pamoja na wazee wa kimila, mahali ambapo wahunzi waliyeyusha chuma, ambapo mpaka leo unaweza kuona yale mabonge meusi mazito yanayoitwa mavi ya chuma. Anaweza pia kukaa na mama wafinyanzi na kuandika hatua zote za kutengeneza chungu. Atakapoanza kusoma vigae vya kale, atakuwa anajua mkono wa mfinyanzi unavyoacha alama.

Kazi zote tatu zinafanyika bila kuchimba hata shimo moja, na hili ni onyo muhimu. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, na uchimbaji wa kutafuta mambo ya kale unafanywa kwa ruhusa ya serikali. Mwanafunzi anayechukua chepe na kwenda kuchimba pangoni peke yake hafanyi akiolojia. Anaharibu ushahidi, na anaweza kuulizwa na sheria. Ni vilevile kwa kununua na kuuza vitu vya kale. Ukiokota kitu, andika mahali, piga picha kikiwa palepale na toa habari.

Mikono kabla ya cheo

Akiolojia inafanana na kazi ya fundi kuliko wengi wanavyofikiri. Profesa atakayekupokea katika timu yake hatauliza kwanza ulipata asilimia ngapi. Atauliza: umekaa siku ngapi uwanjani?

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki ni Mkenya Kamoya Kimeu. Alianza karibu mwaka 1960 kama kibarua wa familia ya Leakey huko Olduvai, Tanzania, bila diploma ya chuo kikuu. Alijifunza kutofautisha mfupa na jiwe kwa jicho tu. Mwaka 1984, huko Nariokotome, karibu na ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Kikawa mwanzo wa mifupa ya mtoto wa miaka zaidi ya milioni 1.5, mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana. Kabla ya kufariki mwaka 2022, chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa udaktari wa heshima. Kijana asielewe vibaya: leo diploma inahitajika. Lakini jicho na mkono vilimfungulia Kimeu mlango ambao karatasi peke yake haifungui.

Basi, mwenye lisansi ajifunze nini mwaka wa kwanza baada ya kumaliza? Ajifunze kutumia ramani na kipimo cha GPS, hata kile cha simu, na programu ya ramani ya QGIS ambayo haina malipo. Ajizoeze kuchora kitu kwa kipimo. Apige picha zenye alama ya urefu na ya kaskazini. Ajue kuandika daftari la uwanjani ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma baada ya miaka 30. Ajue kwa nini udongo unaondolewa tabaka kwa tabaka kwa mwiko wa fundi wa nyumba na brashi, kwa nini unapitishwa kwenye chekeche, na kwa nini kipande cha mkaa hakishikwi ovyo kabla ya kwenda maabara kupimwa umri.

Halafu kuna lugha. Kiswahili ni mali kubwa: kinakupeleka kutoka Bunia hadi Dar es Salaam na Nairobi bila mkalimani, na ndicho lugha ya kukaa na wachimbaji na wazee. Kifaransa unacho tayari. Kinachowakwamisha vijana wengi wa Kongo ni Kiingereza, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi kuhusu Matupi, Katanda na msitu wa Ituri imechapishwa kwa lugha hiyo. Mtu aliyemaliza lisansi na hawezi kusoma makala juu ya kijiji chake mwenyewe, ajue kwamba hiyo ndiyo kazi ya miezi 6 ijayo.

Masta na udaktari: wapi?

Ndani ya nchi, macho yanaelekea Kinshasa na Lubumbashi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko karibu na bonde la Upemba, ambako makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yamechimbuliwa na wataalamu tangu mwaka 1957. Kutoka Kinshasa kumefanyika kazi nyingi za Kongo-Central. Mradi ulioitwa KongoKing, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Ghent kuanzia mwaka 2012, ulichimba katika miji ya ufalme wa kale wa Kongo, kama Ngongo Mbata. Mkongomani Igor Matonda alitetea mwaka 2017, huko Brussels, tasnifu ya udaktari kuhusu bonde la mto Inkisi, akiunganisha maandishi ya zamani, akiolojia na lugha. Njia hiyo inaeleweka kwa kijana wa historia wa Bunia: hakuna sababu ya kutupa historia yako, unaiongezea udongo.

Kwa mtu wa Ituri, mashariki nako ni karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Katika kizazi kile alitoka Felix Chami, aliyepata udaktari huko Uppsala, Uswidi, mwaka 1994, kwa utafiti wa pwani ya Tanzania katika miaka 1,000 ya kwanza baada ya Kristo. Nairobi kuna Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kuna Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki ambayo imeongozwa na mwanaakiolojia Mkenya, Freda Nkirote. Dada zetu wanaoambiwa kwamba kazi ya uwanjani ni ya wanaume wamkumbuke huyo, na wamkumbuke Alison Brooks aliyechimba Katanda.

Pesa za masomo zipo, lakini zina ushindani. Shirika la ARES la Ubelgiji linatoa basi za masomo kwa Wakongomani. Jumba la makumbusho la Tervuren lina nafasi za mafunzo ya muda mfupi kwa watafiti wa Afrika. Umoja wa Ulaya una programu ya Erasmus Mundus, na ndani yake imekuwepo masta ya historia ya binadamu wa kale. Kwa ngazi ya udaktari kuna mfuko wa Wenner-Gren wa Marekani. Kabla ya kujaza fomu yoyote, mwandikie profesa mmoja ambaye umesoma kazi yake. Barua iwe fupi: mimi ni nani, nimefanya nini Kilo au Irumu, nataka kuchunguza swali gani. Inayosema tu naomba msaada wa masomo kwa kawaida haijibiwi. Na mtu akikutaka utume pesa kwanza ili upate basi ya masomo, mkimbie.

Mkate unatoka wapi

Njia ya kwanza ni chuo kikuu: kuwa asistenti, kisha kupanda. Ni njia yenye heshima, lakini kila anayefundisha Kongo anajua habari ya kungojea matrikule na mshahara miaka na miaka. Usiingie ukiwa umefumba macho.

Njia ya pili ni majumba ya makumbusho. Jumba jipya la taifa lilifunguliwa Kinshasa mwezi Novemba 2019, kwa msaada wa Korea Kusini. Mwezi Februari 2022, Ubelgiji uliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huohuo ikapitishwa huko sheria kuhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Kila kitu katika orodha ile kinahitaji mtu wa kuuliza kilitoka kijiji gani, kilichukuliwaje na kwa nini. Kwa vitu vya Ituri, swali hilo litajibiwa vizuri zaidi na mtu anayezungumza na wazee wa Ituri.

Njia ya tatu ndiyo inayoigusa Kilo moja kwa moja: kazi za migodi, barabara, mabwawa na mafuta. Mbali na kifungu cha 205 cha sheria yetu, miradi inayopata mkopo wa Benki ya Dunia au wa shirika lake la IFC ina kanuni za kulinda urithi wa utamaduni, pamoja na utaratibu wa kufuata pale kitu cha kale kinapotokea bila kutazamiwa. Tazama ng'ambo ya ziwa Albert. Kwa upande wa Uganda, kabla ya visima vya mafuta vya Tilenga na bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Tanga, uchunguzi wa athari kwa mazingira uliingiza pia akiolojia. Na hapohapo kando ya ziwa, Kibiro, Graham Connah alikuwa ameonyesha mapema kwamba watu wamepika chumvi kwa karne nyingi. Kijana wa Tchomia au Kasenyi ajiulize: ziwa ni moja, je, kwa upande wetu nani ameangalia?

Kazi hizi za miradi zinalipwa kwa siku au kwa ripoti, na zinakwisha. Mwenye lisansi anaingia kama msaidizi wa uwanjani. Mwenye masta ndiye anayetia sahihi. Ndiyo maana aliye makini anachanganya: anafundisha historia katika shule ya sekondari, anafanya kazi ya mradi ikitokea, na anaendelea kuandika. Miaka 5 ya kuunganisha hivyo ni jambo la kawaida katika kazi hii, hata Ulaya.

Magumu yasiyofichwa

Usalama ndio ukuta wa kwanza. Tangu Mei 2021, Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Barabara za Djugu na Irumu zinafunguka na kufunga. Mlima Hoyo ni hifadhi chini ya ICCN, na sehemu zile zimeona mauaji. Hakuna kigae chenye thamani ya uhai wa mtu. Kazi ya maktaba, ya makusanyo na ya masimulizi ya wazee ndani ya mji inaweza kuendelea wakati barabara imefungwa.

Ukuta wa pili ni shaka. Mtu anayepima udongo na kuchekecha mchanga katika nchi ya dhahabu ataonekana anatafuta dhahabu. Lazima uanze kwa chifu, wazee, mwenye shamba na kiongozi wa serikali, ueleze kazi kwa lugha yao, na ukubali kukaguliwa. Na ukimaliza, urudi kueleza ulichopata. Watafiti wengi wamekwenda na hawakurudi. Ndiyo sababu watu wamechoka.

Ukuta wa tatu ni upweke. Bunia huwezi kujenga kazi hii peke yako. Wanafunzi 5 wa historia, jiolojia na mazingira wanaweza kuunda kikundi cha kusoma, kuweka picha na orodha pamoja, na kwenda shuleni na redioni kueleza. Vyuo vya Bunia vinaweza kuweka somo la akiolojia la uwanjani kwa kumwalika mwalimu wa Lubumbashi, Kinshasa au Dar es Salaam kwa wiki 3. Ofisi ya jimbo inayohusika na utamaduni inaweza kufungua daftari moja la vitu vinavyotokea migodini. Vyama vya wachimbaji vya Kilo na Mongbwalu vinaweza kufundishwa jambo moja tu kwa kuanzia: ukiona kigae kizima, mfupa au jiwe lililochongwa, simamisha chepe, piga picha kwa simu, andika kina cha shimo, na mwite mtu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongojea amani kamili au mamilioni ya dola. Linamngojea huyo mtu wa kuitwa. Shimo jipya linaweza kufunguliwa Kilo kesho asubuhi, na kilichomo hakitangoja mpaka masta ya mtu iishe. Kwa hiyo anayemaliza lisansi mwaka huu asiulize tu kama akiolojia ina ajira. Achukue daftari, aandike kijiji, tarehe na kina, na aanze kuwa yule ambaye namba yake ya simu PDG ataitafuta.